Tovuti ya Viatu vya Mguu Mfupi

Nchi yetu sitaitaja jina, si kwa woga, bali kwa sababu jina lenyewe liko mbele ya tume. Tume inakaa mwaka wa sita sasa ikitafuta jina lenye hadhi zaidi, na mpaka itakapomaliza sisi wananchi tumeombwa tuiite "hapa". Basi hapa, katika majengo ya zamani ya reli, ghorofa ya tatu, juu kabisa ya chumba changu, wanaishi fundi viatu Tunu Mbaruku na mumewe. Yaliyowapata niliyaona kwa macho yangu, na mengine walinisimulia wenyewe ngazini, mahali ambapo majirani husimuliana mambo.

Tunu hakushona viatu vya kila mtu. Alishona viatu vya watu ambao mguu wao mmoja ni mfupi kuliko mwingine: waliougua utotoni, waliovunjika nyonga wakaungwa vibaya, waliozaliwa hivyo tu. Kazi aliirithi kwa baba yake. Mteja akiingia, alimwambia asimame asijikaze, kisha akawa anamwekea vibao vyembamba chini ya mguu mfupi, kimoja juu ya kingine, huku anamtazama usoni wala si mguuni. Alisema kuna kibao kimoja ambacho kikiingia, uso wa mtu hulegea kama aliyeambiwa mgonjwa wake amepona. Hapo ndipo alipopima. Baadaye alichonga kalibu ya mti ya mguu ule, akaandika jina la mwenyewe kwa chini, na kuipanga rafuni. Alikuwa na kalibu zaidi ya mia nne, na ukimtajia jina alikuonyesha mguu bila kusoma.

Duka lake lilikuwa nyuma ya soko kuu. Wateja walilijua kwa kuambiana, maana anayechechemea akikutana na mwenzake hana haja ya utangulizi. Kisha barabara ile ikapanuliwa. Msafara wa Mheshimiwa Rais ulikuwa ukipita gari moja nyuma ya jingine, na washauri waliona kwamba jambo hilo lingeweza kutafsiriwa kuwa Rais anawatangulia wananchi wake. Ikaamuliwa magari yapite matatu sambamba. Duka la Tunu liliangukia kwenye gari la pili. Lilivunjwa Jumanne asubuhi kwa heshima kubwa, na Tunu akapewa Cheti cha Kuchangia Upana, kikiwa na picha ya tingatinga.

Akahamishia kalibu zake nyumbani. Ikawa sasa mtu mwenye mguu mfupi, ili apate kiatu, kwanza ajue kuna mahali kama hapa, halafu apande ghorofa tatu. Kwa miezi minne hakupanda mtu.

Mumewe ni Zakaria Pazi, mwalimu mstaafu wa jiografia. Ni mtu mpole, mrefu, mwenye imani kubwa na kitu chochote kilichoandikwa. Mkewe humwita Mwalimu, naye humwita mkewe Mama Sifa. Alipomwona amekaa siku nzima akipaka kalibu mafuta ili zisipasuke, Zakaria alijiandikisha mafunzo ya kompyuta kwenye maktaba ya manispaa, akakaa darasani na watoto wa wanafunzi wake, na baada ya wiki tisa akatengeneza tovuti.

Niliiona. Ilikuwa safi na ya kweli. Juu iliandikwa: "Kama mguu wako mmoja ni mfupi, tutakushonea kiatu utembee umenyooka." Chini palikuwa na picha ya mikono ya Tunu, na chini zaidi fomu ya kuagizia, ambayo Zakaria aliionea fahari kuliko vyote: jina lako, kijiji chako, mguu upi, na umepungua kwa upana wa vidole vingapi. Aliniambia kwamba sasa mtu yeyote, kutoka pembe yoyote ya hapa, angeweza kumpata Tunu kwa dakika moja. Kilichobaki ni watu kujua tu.

*

Lazima nieleze kidogo kuhusu Dirisha la Taifa, kwa faida ya wasomaji wa nchi zilizo nyuma.

Huko kwingine, nasikia, mtu akitaka kitu anaandika neno kwenye mashine, na mashine inamletea kurasa zinazofanana na alichouliza. Viongozi wetu waliona hatari ya utaratibu huo: jibu linaweza kumfikia mtu moja kwa moja. Kwa hiyo hapa kuna Dirisha moja tu la kutafutia, chini ya Idara ya Mpangilio wa Majibu, nalo hupanga majibu kwa itifaki. Anatangulia Rais, anafuata mke wa Rais, kisha mawaziri, majeshi, wakuu wa mikoa, mashujaa walio hai, mashujaa waliofariki, halafu wengineo. Ukiandika "dawa ya kikohozi", unapata kwanza maoni ya Rais kuhusu kikohozi. Mtu asiseme hakuna usawa, kwani tajiri na maskini wote hukohoa na kusoma jambo lilelile.

Tovuti ya Zakaria ilipofikisha siku arobaini, kihesabio chake kilionyesha wageni arobaini. Tunu alifurahi, akauliza mbona hakuna aliyeagiza. Zakaria akanywa chai yake yote kwanza. Kisha akakiri kwamba huifungua mwenyewe kila asubuhi kuangalia kama kuna aliyeifungua.

Tunu hakucheka. Alimwomba asiifungue kesho yake, ili wajue ukweli. Hakuifungua. Keshokutwa walipotazama, namba ilikuwa palepale.

*

Zakaria akavaa koti lake la sherehe akaenda Idarani. Alipokewa na Mkurugenzi mwenyewe, Bwana Fikirini Mlawa, mtu mnene wa sauti laini ambaye hajawahi kumkatalia mtu jambo lolote. Humweleza tu mpaka mtu anajikatalia mwenyewe. Mkurugenzi alifungua daftari kubwa, akamweleza kwa upole kwamba tovuti yake iko ukurasa wa mia nane na kumi na mbili, na kwamba kwa biashara changa hiyo ni nafasi nzuri, kwani ukurasa wa mia nane na kumi na tatu ndio wa mwisho.

Zakaria aliuliza ni watu wangapi huvuka ukurasa wa kwanza. Aliambiwa kwamba kuvuka si kosa. Mwananchi hujaza tu fomu ya kuombea ukurasa wa pili, na fomu hiyo inapatikana ukurasa wa tatu.

Kisha likaja suala la maneno. Zakaria alikuwa amefundishwa maktaba kwamba tovuti hupatikana kwa maneno ambayo watu huyaandika wanapotafuta, naye alikuwa ameliweka neno "kuchechemea" mara kumi na saba. Mkurugenzi akasikitika. Neno hilo lilikuwa limeondolewa kwenye orodha miaka miwili iliyopita, siku Wizara ya Afya ilipotangaza kwamba hapa hakuna tena mtu anayechechemea. Anayeliandika sasa hupelekewa pongezi.

Zakaria, kwa unyofu wake, akasema kwamba mkewe ana kalibu mia nne za watu wanaochechemea, kila moja na jina. Mkurugenzi aliinuka akafunga dirisha, lile la vioo, kisha akarudi akakaa.

"Mwalimu, wewe umefundisha jiografia," alisema. "Ramani ikionyesha mto, ukafika ukakuta mchanga mtupu, unasahihisha kipi?"

"Ramani," alisema Zakaria.

"Ndiyo maana ulistaafu bila kupanda cheo."

Lakini hakumwacha aondoke mikono mitupu. Alimpa ushauri wa bure, ule ambao, alisema, wafanyabiashara wakubwa huutafuta kwa miaka. Dirisha hupenda maneno yenye uzito. Sentensi moja katika kila tatu iwe na neno "Mheshimiwa". Kichwa cha habari kitaje mafanikio. Neno "mfupi" liondolewe kabisa, maana kuna Waziri mmoja huenda akalichukulia vingine. Na asiharakishe kutaja bidhaa, kwani msomaji mzalendo hapendi kuuziwa.

*

Zakaria alikaa siku sita akiiandika upya. Mstari wa juu sasa ulisomeka: "Hatua za Kihistoria: Jinsi Uongozi wa Mheshimiwa Ulivyoliwezesha Taifa Kusimama kwa Miguu Yote Miwili." Tovuti ikapanda mpaka ukurasa wa mia tatu na tisini. Akaongeza shairi. Ikafika wa arobaini na nne. Akaweka picha ya Mheshimiwa akivaa kiatu, na picha nyingine akivua, ikafika wa tisa, mahali ambapo hakuna fundi wa hapa aliyewahi kufika.

Wageni wakaanza kuja, kumi kwa siku, kisha thelathini. Mmoja aliandika kuomba mwanawe aingizwe chuo cha kijeshi. Mwingine aliuliza kama shairi linapatikana kwa kwaya. Watatu walituma salamu za rambirambi, hatukuelewa za nani. Hakuna aliyeagiza kiatu.

Tunu aliketi akaisoma tovuti yote kuanzia juu mpaka chini, akiwa bado amevaa aproni ya ngozi. Alipomaliza alimwuliza mumewe swali moja tu.

"Mwalimu, mtu akifika hapa, atajuaje kama nashona viatu?"

Zakaria alimwonyesha. Ilikuwa imeandikwa, chini ya shairi, kwa herufi ndogo. Tunu alivaa miwani, akaiona, akarudi kwenye kalibu zake.

*

Mteja wa kwanza alikuja bila tovuti. Alikuwa mkunga wa zahanati moja ya milimani, jina lake Egla Mwasote, mwanamke wa makamo mwenye mabega mapana na maneno machache. Lori la majani ya chai lilikuwa limemwangukia, nyonga ikaunga vibaya, mguu wa kushoto ukapungua vidole vinne. Huko kwao nyumba zimetawanyika juu ya vilima, na mama akishikwa na uchungu ni mkunga anayefuata, kwa miguu. Alikuwa amefungia kipande cha ubao chini ya kiatu kwa mpira wa baiskeli, na mara nyingi alifika mtoto keshazaliwa.

Kwa miezi saba alikuwa amelitafuta jambo hilo Dirishani, kwenye kompyuta ya zahanati. Aliandika "kiatu cha mguu mfupi". Dirisha lilimwuliza kama alikusudia "hotuba fupi", likampa hotuba kumi na moja, hakuna hata moja iliyokuwa fupi. Aliandika kila wiki. Mwishowe, kwenye benchi la hospitali ya wilaya, mzee mmoja aliyeketi jirani yake alinyoosha miguu yake miwili, akamwonyesha viatu, akamtajia Tunu.

Nilimsikia anapanda ngazi asubuhi ile. Nilifungua mlango nikamkuta amepumzika mbele ya chumba changu, nikampa kiti na maji, tukaongea kuhusu mvua.

Tunu alimpokea kama mtu anayempokea dada yake kutoka safari. Alimwekea vibao. Kimoja, viwili, vitano. Cha saba kilipoingia, Egla aliinua uso akatazama ukuta wa mbele kana kwamba kuna mtu ameingia, na machozi yakamtoka bila yeye kulia. Alilala kwa Tunu na Zakaria siku tano wakati kiatu kinashonwa. Siku ya sita alitembea kwenye ukumbi mrefu wa ghorofa ya tatu, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, majirani wote tumesimama pembeni. Alikuwa amenyooka kama mshumaa. Zakaria akaomba ruhusa kumpiga picha ya video, na Egla akasema apige, na aiweke mahali ambapo wengine wataiona, kwa sababu miezi saba ya kuandika peke yako ni mingi.

Zakaria aliiweka juu kabisa ya tovuti, juu ya Mheshimiwa. Alijua atarudishwa ukurasa wa mia nane. Alisema potelea mbali.

*

Badala yake, Mkurugenzi alikuja mwenyewe. Alipanda ghorofa tatu akitweta, akakataa chai, akaomba aonyeshwe ile video. Aliitazama mara tatu. Alisema kwamba kwa miaka yote ya utumishi wake hakuwahi kuona picha inayoeleza vizuri kiasi hicho hali halisi ya nchi: mwananchi wa kawaida, wa milimani, anatembea, amenyooka. Hakuuliza chochote kuhusu kiatu.

Kesho yake tovuti ilikuwa ukurasa wa kwanza. Ilikaa baina ya mke wa Rais na Waziri wa Afya. Na neno "kuchechemea" lilikuwa limerudishwa kwenye orodha. Ukiliandika, linakuleta moja kwa moja kwa Tunu Mbaruku.

Sisi majirani tulidhani ni huruma. Nasema kweli, tulidhani hivyo. Kuna mtu alinunua soda.

Kwa siku nne walikuja wageni elfu kumi na tisa. Maagizo yalikuwa elfu moja mia tatu na sita. Zakaria aliyachapisha yote, akawa anamsomea mkewe asubuhi wakati wa chai, jina, kijiji, mguu upi, vidole vingapi. Wengine walikuwa wameongeza maneno kwenye nafasi iliyobaki. Mmoja aliandika kwamba hakujua kuna wengine. Mmoja aliandika kwamba ameoa na mkewe hajawahi kumwona akitembea mchana, maana hutoka alfajiri na kurudi giza limeingia. Tunu alikuwa akisimamisha kazi kusikiliza, kisha anasema jina lile kwa sauti ndogo, mara moja, kama mtu anayeliweka rafuni. Aliwaita mafundi wawili wa zamani wa baba yake. Ngazi zetu zilinuka gundi na ngozi. Sijawahi kuwaona watu wawili wa umri ule wakiwa na haraka namna ile.

*

Viatu thelathini na vitatu vilipokwisha kupelekwa posta, ikaja barua ya kwanza ya kuvunja agizo. Ilisema: "Mimi niliyetajwa hapo juu nathibitisha kwamba miguu yangu yote miwili iko sawa, na kwamba niliagiza kiatu kwa mzaha." Zakaria aliona ajabu mtu kufanya mzaha mrefu hivyo. Mchana ikaja ya pili, kwa maneno yaleyale. Mwisho wa juma zilikuwa mia sita.

Mambo yalieleweka polepole. Fomu ya Zakaria, kama kila fomu ya hapa, ilipita Dirishani kabla ya kumfikia. Idara haikuhitaji kumwomba chochote. Ilikuwa na majina, vijiji, mguu upi na vidole vingapi, vimejazwa na wenyewe kwa hiari, vimepangwa vizuri na mwalimu mstaafu. Maofisa walikwenda nyumba kwa nyumba wakiwa na orodha na pimamaji, ile ya waashi. Walimsimamisha mtu ukutani wakaiweka kiunoni pake. Povu likikaa katikati, walimpongeza. Likienda pembeni, walimpa barua asaini kwamba liko katikati. Waliosaini walisaini wakiwa wameegemea ukuta. Wasiosaini, hamsini hivi, walipelekwa mahali panapoitwa Kituo cha Kunyooka. Kuhusu kituo hicho ninachojua ni kwamba kipo na kina bustani, kwa mujibu wa Dirisha.

Baada ya hapo Wizara ilitangaza kwa mara ya pili kwamba hapa hakuna anayechechemea, safari hii ikiwa na saini za wahusika. Tumekuwa nchi ya kwanza kumaliza tatizo moja mara mbili, na kulikuwa na gwaride.

Ikatoka pia kanuni kuhusu soli. Kanuni zetu huandikwa na wasomi, kwa hiyo haikukataza kuchechemea. Huwezi kukataza kitu ambacho hakipo. Ilichokataza ni kiatu. Soli moja ikizidi nyingine kwa unene, huo ni ushahidi kwamba mwenye kiatu alisaini uongo, na aliyesaini uongo mahali pake ni bustanini.

Zakaria alifuta fomu. Kesho yake ilikuwa imerudi. Aliandika juu yake, kwa herufi nyekundu, neno "Usijaze". Neno likaondoka, na nywila yake ikaacha kufanya kazi. Akavaa lile koti la sherehe akaenda tena Idarani, akaomba, kwa adabu zote, tovuti yake irudishwe ukurasa wa mia nane na kumi na mbili.

Mkurugenzi alistaajabu kweli. Alisema watu huja pale wakilia wapandishwe, na kwamba katika historia ya Idara hakuna mtu aliyewahi kuomba kushushwa, ndiyo maana hakuna fomu yake. Akampa mkono akamwita mjasiriamali.

Basi tovuti iko palepale mpaka leo. Kila siku wanaijaza watu watatu, wanne, kutoka pande za mbali ambako habari hazijafika. Zakaria hawezi kuwaonya na hawezi kuacha kutazama. Asubuhi hukaa mbele ya kompyuta akasoma jina la mtu, na kijiji chake, na mguu upi. Hasomi tena kwa sauti.

Tunu naye aliangalia kalibu zake zaidi ya mia nne, kila moja na jina kwa chini. Hakumwambia mtu. Alibeba jiko la mkaa mpaka ukumbini, akaanza kupikia. Mti mkavu uliopakwa mafuta miaka mingi huwaka vizuri sana. Alipika maharage, alipika makande, alichemsha maji ya kuoga, siku tatu mfululizo, na kila alipoingiza kalibu motoni alisoma jina kwanza. Alituletea majirani chakula, maana kilikuwa kingi. Nilikula. Siwezi kusema kilikuwa kibaya.

*

Egla Mwasote alirudi baada ya mwaka na miezi miwili. Alikuja mchana, joto kali, akapanda ngazi taratibu na akapumzika tena mbele ya chumba changu. Safari hii sikufungua mlango. Kulikuwa na kanuni nyingi mpya wakati ule na sikuwa nimezisoma zote. Yaliyofuata alinieleza Zakaria.

Fomu hakuijaza, lakini kwa ile video walimfuata, naye akasaini kama wenzake. Kiatu alikificha zahanati, akawa anakivaa juu ya vilima tu, mahali maofisa hawapandi. Mawe ya kule yaliila soli mpaka ikaisha, na alipoitandika raba ya tairi ikamtupa akaanguka. Alikitoa kwenye mfuko wa kitambaa akakiweka mezani. Aliomba kingine. Kalibu alijua ipo.

Tunu akamwambia kalibu haipo, na akamwambia ilikokwenda. Egla alifikiri kidogo, kisha akavua kiatu alichokuwa amevaa, akasimama katikati ya chumba asijikaze, kama alivyofundishwa, akasema basi apimwe upya.

Tunu hakuinuka.

Egla aliendelea kusimama. Alisema, bila kulalamika, kwamba wiki iliyopita aliitwa kilima cha tatu akamkuta mtoto ameshatoka, amelala sakafuni, mzima. "Yule wa kabla yake nilichelewa zaidi," alisema. "Mama yake aliniuliza mbona nimechelewa. Sikuwa na la kumjibu, maana nimesaini."

Zakaria anasema mkewe alikwenda mpaka kwenye kisanduku cha vibao akakifungua. Alitoa kimoja, akakishika muda mrefu kwa mikono miwili. Kisha akakirudisha akafunga.

"Ukichechemea, dada yangu, hawakuoni," alisema. "Ukinyooka, watakuuliza umenyookaje. Wakikuchukua wewe, vilima vile vitabaki bila mkunga kabisa. Afadhali uchelewe."

Egla alimtazama Zakaria, labda akitumaini kwamba mtu wa vitabu ana jibu jingine. Zakaria alikuwa akiangalia kompyuta. Kulikuwa na jina jipya.

Akavaa kiatu chake. Alikataa kukaa kula, akasema lori linaondoka saa tisa. Tunu alimsindikiza mpaka juu ya ngazi na akabaki hapo ameshika ukingo.

Mimi nilikuwa ndani, mlango umefungwa, naandaa maelezo haya. Nilisikia hatua zikishuka na kupita mlangoni kwangu, moja nzito, moja nyepesi, moja nzito, moja nyepesi, mpaka chini kabisa. Na kwa kuwa hapa hakuna tena mtu anayechechemea, lazima walikuwa watu wawili.